Keti Naye Kwanza
Somo: Ayubu 2:11-13

Marafiki 3 wa Ayubu waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno. Walikosea baadaye, walipoanza kumtafutia dhambi iliyomletea mateso.

Katika kutembelea wagonjwa nimekutana na wanandoa ambao saratani imewanyamazisha. Mke anaficha maumivu ili mume asiogope. Mume naye anatoka nje kulia, akirudi anasema, "Usijali, Mungu yuko." Wanalala kitanda kimoja na hawaambiani kinachowasumbua.

Mpendwa, usimhubirie mwenzako kabla hujamsikiliza. Muulize, "Leo unaogopa nini?" kisha nyamaza. Nendeni kliniki pamoja, na maswali mmeyaandika kwa daftari. Kemo hupunguza kinga ya mwili, kwa hivyo joto likipanda usiku msingoje kukuche. Ombeni mkielekea hospitali. Nawe unayeuguza, ndugu wakileta chakula, pokea, upate kulala kidogo.

Kuogopa si kukosa imani. Ayubu alilia na Mungu hakumwacha. Wiki hii shikaneni mikono, ambianeni ukweli, halafu ombeni. Mungu awabariki.