Kufundisha Uchaguzi wa Petroli kwa Gari Livutalo Tela

Utangulizi

Mwalimu wa sayansi akiwauliza wanafunzi wa madarasa ya juu ni petroli ipi ilifaayo gari livutalo tela zito, wengi watajibu: "Ile ya bei kubwa, kwa kuwa ina nguvu zaidi." Hata watu wazima wenye magari huamini hivyo. Jibu hilo lisiposahihishwa, mwanafunzi ataondoka shuleni na imani itakayomgharimu fedha, au injini. Lakini kosa la namna hii haling'oki kwa mwalimu kusema tu kwamba si kweli. Lataka jaribio na hoja.

Maarifa ya mwalimu

Katika injini ya petroli, pistoni hushindilia mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli ndani ya silinda, kisha cheche ya plagi huuwasha. Joto na mgandamizo vikizidi, sehemu ambayo moto haujaifikia hulipuka yenyewe. Hapo injini husikika ikigonga, na pistoni zaweza kuharibika. Namba ya oktani huonyesha jinsi petroli inavyohimili hali hiyo. Katika kipimo hicho heptani hupewa 0 na isooktani 100. Namba hiyo haipimi nguvu iliyomo katika lita moja.

Gari livutapo tela mlimani, dereva hukanyaga mafuta sana, na mgandamizo na joto katika silinda hupanda. Ndiyo sababu baadhi ya pikapu za Marekani zenye tabochaja huruhusiwa kutumia petroli ya kawaida kwa kazi nyepesi, lakini watengenezaji hupendekeza oktani ya juu kwa kuvuta mzigo mzito. Injini nyingi za kisasa zina kifaa cha kutambua kugonga na kuichelewesha cheche. Injini husalimika, lakini nguvu hupungua. Basi oktani ya juu huifaa injini iliyoundwa kuitumia. Injini isiyoihitaji haipati faida ya maana.

Hatua za somo

1. Waulize wanafunzi swali la hapo juu. Andika majibu yote ubaoni bila kuyahukumu.

2. Wape kila kundi pampu ya baiskeli ya mkono. Mmoja aguse ncha yake ya chini, kisha aizibe tundu kwa kidole na kupampu upesi mara 20, halafu aguse tena. Pampu ikipoa, warudie bila kuziba. Watalinganisha na kuona kwamba joto jingi latokana na hewa kushindiliwa, wala si msuguano peke yake.

3. Uliza: "Ikiwa ndani ya hewa hii mngekuwa na mvuke wa petroli, na mzigo ukazidi, kungetokea nini?" Waache wafikie wenyewe wazo la mlipuko usiotakiwa, ndipo uwatajie neno oktani.

4. Wape magari matatu wayachagulie mafuta: gari dogo ambalo kijitabu chake chataka oktani ya kawaida, pikapu ivutayo tela ambayo kijitabu chake chapendekeza oktani ya juu kwa mizigo, na lori la dizeli. Hili la tatu ni mtego: dizeli huwashwa na mgandamizo wenyewe bila plagi, nayo hupimwa kwa setani, yaani wepesi wake wa kuwaka. Petroli katika tangi lake yaweza kuiharibu injini.

Tahadhari

Petroli isiletwe darasani kamwe. Pia wakumbushe wanafunzi kwamba namba iandikwayo kwenye pampu za Marekani hupatikana kwa wastani wa vipimo viwili, nayo huwa ndogo kwa takriban 4 hadi 6 kuliko namba ya RON itumiwayo Ulaya na Afrika Mashariki. Kwa hiyo 91 ya huko si 91 ya hapa.

Kupima uelewa

Tuchukulie kwamba petroli ya oktani ya juu imezidi kwa shilingi 200 kwa lita. Mwenye gari dogo ajaza lita 60. Ametoa shilingi ngapi zaidi, naye amepata nini? Mwanafunzi atakayejibu "12,000" amejua kuzidisha. Atakayeongeza kwamba angesoma kwanza kijitabu cha gari, na kueleza sababu, ndiye aliyelielewa somo.