Kuku Anayeatamia na Kiota Chake

Kuku akiacha mayai kabla ya siku 21 kutimia, wengi husema ni kuku mbaya, wakamchinja. Tazama kwanza kiota. Mara nyingi kisa ni utitiri. Mchana hujificha katika nyufa na nyasi. Usiku humnyonya damu mpaka ashindwe kukaa, mayai yakapoa na vifaranga wakafa ndani.

Basi kabla ya kumwekea mayai, choma nyasi za zamani, wala usizitupe karibu na banda. Weka udongo kidogo, majivu makavu, kisha nyasi mpya. Mpake kuku majivu chini ya mbawa. Kila siku atokapo kula na kunywa, chungulia kiotani. Yai likipasuka, liondoe pamoja na nyasi zilizolowa. Mayai mengine usiyaoshe kwa maji baridi, maana huvuta uchafu upenye ganda.