Mafuta Yanapovuja Chini ya Ardhi: Namna Udongo na Maji Yanavyochunguzwa Karibu na Vituo vya Mafuta

Matangi ya kituo cha mafuta, mahali ambapo wengi wa Afrika Mashariki bado hupaita sheli, huzikwa ardhini. Mteja huona pampu na sakafu ya saruji tu. Tangi la chuma likiliwa na kutu, au kiungo cha bomba kikilegea, mafuta huweza kudondoka kidogo kidogo kwa miaka mingi pasipo mtu yeyote kuona hata tone. Dalili ya kwanza huwa hesabu: lita zilizoingia hazilingani na lita zilizouzwa.

Wakazi wa Doha huweza kudhani kwamba jambo hili haliwahusu, kwa kuwa karibu maji yote ya bomba yanayosambazwa na Kahramaa, shirika la umeme na maji la Qatar, ni maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Dhana hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Majengo mengi huhifadhi maji katika tangi lililochimbiwa chini kabla ya kuyapandisha kwenye tangi la juu ya paa. Tangi hilo likiwa na ufa, maji machafu ya ardhini huweza kupenya. Zaidi ya hayo, baadhi ya mabomba ya plastiki huruhusu petroli iliyo katika udongo kupita taratibu hadi ndani, hata kama bomba lenyewe halijapasuka.

Ardhi yenyewe ina tabia yake. Qatar haina mto wa kudumu, na mvua ya mwaka wa kawaida haifiki milimita 100. Hata hivyo, katika sehemu kadhaa za Doha maji ya ardhini yako karibu sana na uso, yakilishwa na umwagiliaji wa bustani na mabomba yanayovuja. Wanaofanya kazi katika ujenzi wamekwisha kuziona pampu zikinyonya maji mashimoni mchana na usiku. Chini yake kuna mawe ya chokaa yenye nyufa na matundu. Mafuta yakifika humo hayaendi kwa mstari ulionyooka. Huweza kuruka nyumba ya jirani na kuibuka mbali.

Kinachotiliwa hofu kuliko vyote ni benzeni, sehemu ya petroli ambayo imethibitika kusababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba maji ya kunywa yasiwe na zaidi ya mikrogramu 10 za benzeni kwa lita. Petroli yenye benzeni asilimia 1 hubeba gramu kadhaa za sumu hiyo katika kila lita, kiasi cha kuchafua zaidi ya lita laki 7 za maji kupita kiwango hicho. Pua haiwezi kuamua: benzeni huanza kusikika majini ikiwa tayari imezidi kiwango mara nyingi. Wala kuchemsha si dawa. Mvuke wake hutoka kwenye sufuria na kuvutwa na aliye jikoni.

Kwa hiyo mtaalamu haanzi kwa kunusa. Huanza kwa karatasi: umri wa matangi, ramani ya mabomba, daftari la mauzo, na mahali palipokuwa na matangi ya zamani yaliyosahauliwa. Kisha hutobolewa vitundu vyembamba ili kupima mvuke ulionaswa katika udongo, na hapo hujulikana mahali pa kuchimba zaidi. Sampuli za udongo hutiwa upesi katika chupa za kioo, hufungwa barabara na kuwekwa penye barafu. Katika joto la Julai la Doha, chupa iliyoachwa wazi kwa dakika chache hupoteza kile kile kinachotafutwa, na maabara huleta jibu safi lisilo la kweli.

Baadaye huchimbwa visima vya uchunguzi, visivyopungua vitatu, maana mwinamo wa uso wa maji hauwezi kujulikana kwa nukta mbili. Mafuta, yakiwa mepesi kuliko maji, huelea. Chombo maalumu huteremshwa kisimani kupima unene wa tabaka hilo. Maji hupimwa tena na tena, kwani kina hubadilika. Ikithibitika kwamba kuna uchafuzi, udongo huchimbwa na kuondolewa, au mvuke hufyonzwa, au mafuta yanayoelea hupampuliwa. Kazi hiyo huchukua miezi, mara nyingine miaka.

Wenyeji wa Makueni nchini Kenya wanaifahamu gharama ya kuchelewa. Mnamo Mei 2015 mafuta yalivuja kutoka katika bomba kuu la Mombasa hadi Nairobi na kuingia katika mto na visima vya Thange. Watu waliokuwa wakinywa, kunywesha mifugo na kumwagilia mashamba kwa maji hayo waliachwa wakitegemea maji ya kuletwa.

Kwa kaya iliyoko Doha, harufu ya petroli inayotoka katika mfereji wa bafuni au katika ghorofa ya chini ya ardhi ni hatari ya moto kabla ya kuwa hatari ya maradhi. Swichi isiguswe, jiko lisiwashwe, watoto na wazee watolewe nje, kisha 999 ipigwe. Maji ya bomba yakiwa na harufu au ladha ya mafuta, yasinywewe, yasipikiwe wala kuogeshea mtoto. Msimamizi wa jengo aarifiwe na Kahramaa ipigiwe kwa 991. Mwenye kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu amweleze daktari kuhusu harufu hiyo, kwa maana daktari asipoambiwa hawezi kuikisia.

Wanaofanya kazi katika mashamba ya nje ya mji wasinywe maji ya kisima cha shamba, hasa panapowekwa jenereta na mapipa ya dizeli. Madumu ya petroli yasihifadhiwe vyumbani, na mafuta yaliyobaki yasimwagwe mchangani wala katika mfereji.

Kaya nyingi pia hutuma fedha nyumbani ili kununua kiwanja na kuchimba kisima. Kiwanja cha kando ya barabara kuu huwa na thamani, na mara nyingi jirani yake huwa kituo cha mafuta. Kabla ya malipo ya mwisho, ndugu aliyeko huko aulize kituo kilijengwa lini na maji yanaelekea upande gani, na maji ya kisima yapelekwe maabara yakapimwe benzeni, si vijidudu na chumvi peke yake.