Mwenye Siri Ndiye Athibitishe

Shinyalu, Kakamega, si mahali pa kumcheka mtu anayesema kuna dhahabu chini ya shamba lake. Dhahabu ya Kakamega ni ya kweli. Kuanzia mwaka 1931 ilivuta mamia ya Wazungu waliokuja kupiga mahema, mgodi wa Rosterman uliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mpaka leo vijana wa Isukha na Idakho wanashuka mashimoni kwa kamba huku kina mama wakiosha mchanga kwenye makarai kwa zebaki. Ndiyo maana uongo wa dhahabu hushika mizizi haraka hapa. Mtu akija na kifaa chenye kishikio cha plastiki na antena inayochezacheza, akasema kinanusa dhahabu kutoka nusu kilomita kwa teknolojia ya kijeshi ambayo mataifa makubwa yameificha, hakosi wasikilizaji. Picha itafika kwenye WhatsApp ya ukoo kabla jua halijatua, na ubishi utaanza.

Ubishi huo huharibika mapema kwa sababu mwenye shaka anakubali kubebeshwa mzigo usio wake. Anaulizwa, "Wewe unaweza kuthibitisha kwamba haifanyi kazi?" naye anakesha akitafuta video. Usilijibu swali hilo. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 107, inamtaka anayedai jambo ndiye alithibitishe. Kifungu cha 112 kinamhusu zaidi mwenye siri: katika kesi ya madai, jambo likiwa linajulikana hasa na upande mmoja, mzigo wa kulithibitisha ni wa upande huo. WhatsApp si mahakama, lakini busara ni ile ile. Anayesema "siwezi kueleza, ni siri ya jeshi" hajatua mzigo, ameuongeza. Mjibu kwa adabu: "Mzee, siri ibaki yako. Sitaki kujua kilichomo ndani. Tuonyeshe tu kwamba inapata." Baada ya hapo usiandike tena mpaka ajibu hilo.

Atakwambia serikali zimewahi kuficha mambo makubwa. Kubali, kwa kuwa ni kweli. Madini ya urani ya Shinkolobwe, kule Katanga, yalisafirishwa hadi Marekani mwaka 1940 na zaidi ya tani 1,000 zikawekwa ghalani Staten Island. Urani nyingi ya bomu lililoangushwa Hiroshima Agosti 6, 1945, ilitoka Shinkolobwe, na waliochimba hawakuambiwa wanachimbia nini. Lakini angalia kilichofichwa na kisichofichwa. Habari kwamba kiini cha urani hupasuka ilichapishwa Januari 1939, na mwanafizikia yeyote aliweza kuisoma. Siri ilikuwa namna ya kuunda bomu. Nguvu yenyewe ilifuata kanuni zilizokwisha kujulikana. Kifaa kisicho na betri, kinachodaiwa kuitambua dhahabu na kuiacha shaba kupitia mwamba na umbali wa mita 500, hakina kanuni ya namna hiyo nyuma yake. Kuwapo kwa siri moja ya kweli hakuithibitishi nyingine.

Halafu kuna utaalamu, na hapa pande zote mbili hukosea. Akisema "mimi ni injinia," muulize ni injinia wa fani gani, kisha angalia kama jina lake limo katika orodha ya Bodi ya Wahandisi wa Kenya. Akijiita mwanajiolojia, wanajiolojia nao wana bodi yao ya usajili. Jina likikosekana, umejua jambo muhimu. Likiwepo, umejua tu kwamba amesajiliwa. Hujajua kama mashine inafanya kazi. Mhadhiri wa fizikia anayeikataa bila kueleza sababu hastahili heshima zaidi ya hiyo. Kwa upande mwingine, mchimbaji aliyezeekea mashimoni anaweza kukuonyesha jiwe jeupe linalobeba dhahabu linaelekea wapi na linapotelea wapi, na kwa jambo hilo yeye ni mtaalamu hata kama hana cheti. Kifungu cha 48 cha sheria ile ile kinatazama ujuzi wa pekee wa mtu katika jambo linaloulizwa. Kwa hiyo uliza kila mara: ujuzi wake unahusu jambo hili hasa, au la jirani?

Wala uzoefu wa kutumia kifaa usikutishe. James McCormick wa Uingereza aliiuzia Iraki vifaa vya ADE 651, akidai vinatambua mabomu. Wenye silaha, mafunzo na uzoefu wa vita walivishika kila siku kwenye vizuizi vya Baghdad, na mabomu yakapita. Vilikuwa vimetokana na kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Mei 2013 alifungwa miaka 10. Bei nayo haisemi kitu. Mwaka 2009 watu Saudi Arabia walinunua cherehani kuukuu za Singer kwa bei za ajabu kwa uvumi kwamba ndani yake kuna zebaki nyekundu, kitu ambacho hakuna maabara iliyowahi kukionyesha.

Kinachomaliza ubishi ni jaribio, na hili mnaweza kulifanya uwanjani bila kumlipa mtu. Tafuteni ndoo 5 zisizoonyesha ndani, mzifudikize kwa mstari, hatua kadhaa kati ya moja na nyingine. Azimeni pete ya dhahabu. Kwanza iwekeni chini ya ndoo mwenye mashine akitazama, aipime, akiri mbele ya wote kwamba leo mashine iko sawa na uwanja hauna kizuizi. Msiiruke hatua hii, kwa sababu ndiyo inayofunga mlango wa visingizio vya baadaye. Kisha yeye na mashahidi wote waondoke. Mtu mmoja avute kikaratasi chenye namba, afiche pete chini ya ndoo hiyo, aiandike namba, aende nyuma ya nyumba asionekane. Wa pili, asiyejua kitu, amwite mwenye mashine achague. Rudieni mara 20. Kwa kubahatisha tu atapata kama 4. Kubalianeni kabla ya kuanza kwamba anahitaji 10, maana bahati tupu hufikisha 10 au zaidi mara 3 hivi tu katika 1,000.

Kwa nini aliyeficha aondoke? Uso wake unasema. Antena inayoning'inia huyumba kwa kiganja kuinama kidogo sana, na mwenye kiganja hahisi. Daktari Mwingereza William Carpenter alieleza misogeo hii isiyokusudiwa mwaka 1852. Hivyo mshika mashine anaweza kuwa mkweli kabisa na bado kuwa amekosea, na hiyo ni sababu tosha ya kutomwita tapeli kwenye kikundi. Tailandi ilipojaribu GT200, kifaa kingine kilichodaiwa kutambua mabomu, mwaka 2010 bila waendeshaji kujua kilipuzi kilipofichwa, kifaa kilipatia mara 4 katika 20.

Akifikisha 10, sema wazi kwamba umeshangaa, kisha rudieni jaribio siku nyingine kwa ndoo nyingine na watu wengine, ikiwezekana akiwepo mhadhiri kutoka Chuo Kikuu cha Masinde Muliro pale mjini Kakamega. Ukibadilisha masharti baada ya yeye kushinda, wewe ndiye unayekimbia mzigo.

Akikataa jaribio, acha kubishana naye na uwageukie wanaosoma kimya, hasa aliyekwisha kuombwa "pesa ya mafuta ya mashine" au hatimiliki ya shamba. Huyo mpigie simu, usimwandikie mbele ya ukoo. Akiaibishwa hadharani atamtetea aliyemla pesa. Mwombe asitoe hata shilingi kabla ya jaribio la ndoo, asikabidhi hatimiliki kwa yeyote, wala asifute meseji za M-Pesa na sauti alizotumiwa, kwa sababu maofisa wa upelelezi wa DCI watazihitaji.