Sanduku la Huduma ya Kwanza katika Eneo la Ujenzi

Saruji iliyochanganywa na maji ina alkali kali. Ikimwingia fundi jichoni, huendelea kuunguza hadi itakapooshwa. Kwa hiyo, hitaji la kwanza ni maji safi yanayotosha kuosha jicho mfululizo kwa dakika 20, kisha majeruhi apelekwe hospitalini. Maji hayo yasichanganyiwe zege. Sandukuni kuwe na glavu, shashi safi, bandeji pana za kukandamizia jeraha linalovuja damu, plasta na mkasi. Msimamizi akague sanduku kila wiki, arudishie kilichotumika na kuondoa kilichopitwa na muda. Sanduku lisifungwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake umo mfukoni mwa mtu asiyekuwapo: damu haimsubiri mwenye ufunguo.