Darsa ya Ramadhani, Siku ya 12: Sahani ya Mtoto wa Mwisho



Tumefika siku ya kumi na mbili, na njaa sasa tunaijua vizuri. Saa kumi jioni ukipita karibu na jiko la jirani, harufu ya viazi vya karai inakufanya uangalie saa. Lakini njaa yetu sisi ina mwisho unaojulikana. Adhana ya Magharibi ikilia, tende iko mkononi. Katika shule za mitaa yetu kuna watoto ambao njaa yao haina adhana. Mlo wa mchana wa shuleni ndio mlo wa uhakika walio nao, na cha jioni ni majaaliwa. Darsa ya leo ni juu ya mlo huo, na amana iliyomo ndani yake.

Tuanze na jina lenyewe. Tunakiita chakula cha bure. Kwa mazoea yetu kitu cha bure ni kama embe lililoanguka njiani, anayefika kwanza anaokota. Chakula cha shule hakiko hivyo. Hapa Kenya, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kulisha watoto shuleni mwaka 1980. Mwaka 2009 serikali ikaanzisha mpango wake wa kununua chakula kinacholimwa humu humu nchini, na kufikia 2018 ikapokea jukumu lote kutoka kwa shirika hilo. Kwa hiyo kila punje kwenye sufuria ile imelipiwa na mtu: mlipa kodi, mfadhili, mzazi, au muumini aliyetia noti kwenye sanduku la msikiti. Na kikishalipiwa kinakuwa na mwenyewe, naye ni mtoto. Sisi wengine wote, mwalimu, mpishi, mjumbe wa kamati, mzazi na imamu, ni wapitishaji tu.

Sasa tupige hesabu, maana mimi pia ni mwalimu. Kiwango kilichozoeleka katika mpango huu hapa Kenya ni gramu 150 za nafaka, gramu 40 za maharagwe au kunde, na gramu 5 za mafuta kwa mtoto mmoja kwa siku. Chukua shule ya watoto 300. Hiyo ni kilo 45 za nafaka, kilo 12 za maharagwe na kilo moja na nusu ya mafuta. Mtu akitoa kilo mbili tu za maharagwe akazifunga kwenye leso, haonekani kama mwizi. Kilo mbili ni nini? Kilo mbili ni maharagwe ya watoto 50. Na wale hamsini hawachaguliwi kwa kura. Siku zote ni walio nyuma ya foleni: wadogo, wapole, wasiojua kusukumana. Wao ndio wanaopakuliwa supu isiyo na kitu ndani.

Chakula hiki hupotea kupitia milango mitatu. Tuipite mmoja mmoja.

*1. Mlango wa orodha*

Pale ambapo chakula hakiwatoshi wote, au wenye uwezo wanatakiwa wachangie, lazima iwepo orodha ya wasioweza. Nani aandikwe?

Katika Sahihi Muslim imepokewa habari ya Swahaba Qabiswa bin Mukhaariq, radhi za Allah zimfikie. Alibeba deni la watu ili kupatanisha, akaja kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kuomba msaada. Mtume alimwambia asubiri sadaka ifike, kisha akamfundisha kwamba kuomba ni halali kwa watu watatu. Wa kwanza ni aliyebeba deni kama lile. Wa pili ni aliyepatwa na janga likamaliza mali yake. Wa tatu ni aliyeingiwa na ufukara, kiasi kwamba watu watatu wenye akili katika jamaa zake wanashuhudia kuwa kweli fulani amefukarika. Na wote hao wana kikomo. Wakipata cha kuwatosha kuishi, waache. Kinachochukuliwa baada ya hapo Mtume alikiita haramu.

Yaangalieni mafundisho haya kwa jicho la orodha ya shule. Haja iwe ya kweli. Washuhudie watu wa mtaani wanaoijua nyumba ile, wenye akili, tena wasiwe mmoja. Na orodha iwe na mwisho, isiwe jina likiingia halitoki mpaka mtoto amalize darasa la mwisho. Kamati ikikaa kila muhula na mzee wa mtaa, mwalimu wa darasa na mama mmoja anayeaminika, hapo wametimia watatu.

Mama mmoja aliniuliza swali ambalo najua si lake peke yake. Mwaka jana mumewe hakuwa na kazi, mtoto akaandikwa kula bila malipo. Mwaka huu mume amepata kazi, lakini jina la mtoto bado liko na hakuna aliyewauliza. Je, wana dhambi?

Jibu lina sehemu tatu. Kile mtoto alichokula wakati hawana kitu ni halali yao, wala si deni. Pili, kutoulizwa si ruhusa. Siku walipoona kodi ya nyumba imelipika, unga upo na kinabaki cha kulipia chakula cha mtoto, siku hiyo ndiyo ya kwenda kwa mwalimu kusema: sasa tunaweza, mpe mwingine. Ikiwa zimepita wiki kadhaa baada ya hapo, walipie milo kama hiyo kwa mtoto mwingine, kimya kimya, na watubie kwa Mola wao. Tatu, ikiwa kazi yenyewe ni kibarua, leo ipo kesho haipo, wasijibebeshe wasichoweza. Waieleze kamati ukweli huo, walipe nusu au walipe mwezi wenye kazi. Ukweli unaoyumba bado ni ukweli.

Upo upande wa pili wa orodha tunaousahau. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Suratul Baqara, aya ya 273, juu ya mafakiri ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa sababu ya kujizuia kwao kuomba. Watu hao tunao. Baba anapiga pasi shati lake la Ijumaa, na nyumbani sufuria imefunikwa kifudifudi. Orodha inayosubiri watu waje wajieleze mbele ya meza itawapata wenye mdomo na itawakosa hawa. Uadilifu ni kuwatafuta. Mwalimu wa darasa anajua ni mtoto yupi hulala juu ya dawati saa nne asubuhi.

*2. Mlango wa stoo*

Walio na ufunguo wa stoo wanashika mali isiyo yao kwa niaba ya watoto. Ukitaka mfano wa karibu katika Qur'ani, utaupata kwa msimamizi wa mali ya yatima. Suratun Nisaa, aya ya 6, imeweka kanuni: msimamizi mwenye uwezo ajizuie kabisa, na aliye mhitaji ale kwa kadiri inayokubalika. Kisha aya inaamrisha kuweka mashahidi wakati wa kukabidhi mali.

Nimeipenda aya hii kwa sababu haijifanyi kana kwamba msimamizi hana tumbo. Mpishi wa shule mara nyingi ni mama maskini, analipwa kidogo, anasimama kwenye moshi tangu asubuhi. Kumwambia apike githeri ya watoto mia tatu kisha arudi nyumbani na njaa si uadilifu. Basi kamati iandike wazi: mpishi anakula hapa mchana, sahani yake inajulikana. Kikibaki chakula, watoto wanaongezwa kwanza, na kinachobaki baada ya hapo kigawiwe kwa utaratibu uliokubaliwa. Yakishaandikwa hayo, mama yule anakula halali yake bila kuangalia mlangoni. Na kile kinachofungwa kwenye leso kinabaki na jina lake halisi.

Na mashahidi nao wawepo. Magunia yakifika yapimwe kwa mizani mbele ya watu wawili, siyo kuhesabiwa kwa macho. Kufuli mbili, funguo kwa watu wawili. Kila asubuhi daftari liandikwe idadi ya watoto waliohudhuria siku hiyo, siyo walioandikishwa mwezi wa kwanza.

Hapa kuna mtihani mgumu. Baadhi ya viongozi wa shule husema: chakula kinakuja pungufu kila mara, kwa hiyo sisi tuna watoto 300 lakini tunaandika 340, tupate kinachotosha. Nia yao ni kulisha watoto. Lakini wale watoto hewa arobaini wanakula kweli, wanakula sahani za shule nyingine ambayo mwalimu wake aliandika idadi ya haki. Na siku uongo ukijulikana, anayepunguziwa ni mtoto aliye hai. Njia iliyo sawa ni nzito zaidi: andika 300, andika na kilo zilizopungua, weka sahihi, peleka barua, na ukinyamaziwa peleka nyingine. Mzazi aliye kwenye bodi asimwache mwalimu mkuu peke yake katika jambo hilo.

*3. Mlango wa sufuria*

Tunaijua Suratul Mutaffifin, inayowaonya wapunjaji wa vipimo. Wengi tunadhani inamsema muuza duka tu. Upawa nao ni kipimo. Mpishi akimjazia mtoto wa shoga yake na kumkwangulia mtoto asiyejulikana, amepunja. Na hapa pia hatuulizi mtoto ni wa dini gani wala kabila gani. Shule ile ina watoto wa Kiislamu na wa Kikristo, wa Mijikenda na wa bara. Ndiyo maana mchango wa msikiti kwa chakula cha shule tumeuweka katika sadaka, hatukuutia katika zaka. Zaka, kwa kauli ya wanazuoni wengi, hupewa Waislamu wenye kustahiki, lakini sadaka yaweza kumfikia kila mwenye njaa.

Kisha liko jambo la heshima. Katika baadhi ya shule, mtoto ambaye mzazi hajachangia husimamishwa kando wenzake wakila, au huitwa jina lake kwa sauti. Jamani, deni ni la nani? Katika mpango wa kaunti ya Nairobi ulioanza 2023, mzazi anachangia shilingi 5 kwa mlo, na mtoto hugusisha bangili ya kielektroniki mkononi na kupewa sahani yake. Tusio na bangili tunaweza kujifunza hapo. Habari za pesa zimalizwe na watu wazima, ofisini au kwa simu. Pale penye sufuria iwepo foleni moja, sahani za aina moja, na upawa mmoja. Suratul Baqara, aya ya 264, inatuonya kwamba masimbulizi na maudhi hubatilisha sadaka. Sahani iliyotolewa kwa kumfedhehesha mtoto inaweza kumshibisha yeye, na ikakuacha wewe mikono mitupu.

*Nyumbani pia*

Amepokea Bukhari na Muslim kwamba Hasan bin Ali, akiwa mtoto mdogo, aliokota tende moja katika tende za sadaka akaitia mdomoni. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alimwambia aiteme, akamkumbusha kwamba wao hawali sadaka. Tende moja, na mjukuu kipenzi! Hakusema ni mtoto, mwacheni. Watoto wetu wanajifunza amana kwa vitu vidogo vinavyoingia jikoni. Akiona mafuta yenye alama ya msaada kwenye rafu yetu, na anajua sisi si wahitaji, hahitaji darsa nyingine. Amekwisha kusomeshwa.

*Zoezi la leo, kabla ya futari*

Kama mtoto wako anakula shuleni bila malipo, kaeni mume na mke mjiulize: bado tumo katika wale watatu wa hadithi ya Qabiswa? Mkiwamo, kuleni kwa moyo mweupe, ni haki yenu. Mkiwa mmetoka, nendeni shuleni.

Kama uko kwenye kamati au bodi, uliza mizani iko wapi na nani alisaini mara ya mwisho.

Na kama huko kote humo, taja moyoni nyumba moja unayoidhania inajiweza, kisha fikiri tena. Mwalimu wa darasa apate habari kwa siri.

Ewe Mola wetu, zikubali funga zetu, zitakase riziki zetu na za watoto wetu. Tujaalie tuwe wapitishaji waaminifu wa kilicho cha wengine. Mtoto wa mwisho kwenye foleni umfikishie sahani iliyojaa. Amin.

Maswali niulizeni baada ya tarawehe, au nitumieni ujumbe. Majina hayatajwi.