Jogoo na Usingizi wa Msafiri

Ndugu msomaji, huenda umepata kulala ugenini, umechoka kwa safari, mara majogoo wa jirani wakaanza kuwika usiku hata usingizi ukakuruka. Pengine ulitaka kuwalaani. Jizuie! Mtukufu Mtume s.a.w. alikataza kumtukana jogoo, kwa kuwa yeye huamsha watu kwa Sala.

Wala jogoo hawiki ovyo. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha kwamba anayo saa ndani ya mwili wake. Huanza kuwika muda wa saa mbili hivi kabla ya mwanga kutokea, wala hangojei kuuona.

Tena kumbuka safari ya kurudi kutoka Khaibar, mwaka wa 7 Hijria. Hadhrat Bilal r.a. alikesha ili awaamshe wenzake, lakini usingizi ukamshinda naye, wakaamshwa na jua. Mtume s.a.w. aliupokea udhuru wake. Wakasogea mbele kidogo, kisha wakasali Alfajiri.

Basi, aliyepitiwa na usingizi husali mara aamkapo. Lakini aliyeamshwa, akajifunika shuka na kulala tena mpaka jua likachomoza, udhuru wake ni upi?

Kwa hiyo, jogoo akikuamsha usiku, usinung'unike. Omba fadhili za Mwenyezi Mungu, kama tulivyofundishwa kufanya tusikiapo sauti yake. Kisha inuka, utawadhe, usali walau rakaa mbili za Tahajjud, Sala iliyotajwa katika Sura Bani Israil, aya ya 80. Usingizi utaulipa mchana.